Viatu Vinavyokusemea

Kathonzweni, Jumapili

Mbaluka mwanangu,

Ndengu zimekauka vizuri. Mwaka mzima hukuniuliza nimeamkaje. Tangu uniletee hivi viatu vya wagonjwa wa sukari, vyenye kidude ndani cha kukuonyesha kwa simu yako kama nimevivaa, nikivivua tu unapiga simu: "Mama, mbona umevua? Naona kwa simu!" Nani huingia na viatu kwenye nyumba aliyoipiga deki?

Nilichoka kufokewa. Nikampa jirani yangu Kasiva avivae yeye. Ukaniandikia: "Hongera Mama, leo umevivaa masaa kumi!"

Jumanne nilikatwa kidole cha mguu hospitalini, kidonda kilikataa kupona. Nilishika simu mkononi mpaka jioni. Haikulia, maana Kasiva alikuwa shambani, amevivaa vile viatu vyako barabara.

Mimi niliyekuzaa,
Kathini