Jeneza Halipikwi Kama Mkate

Alhamisi jioni. Mvua imetishia tangu mchana na haijanyesha. Joto la Nyalenda limelala juu ya mabati, nami siwezi kutulia.

Nimefunga begi, nikalifungua, nikalifunga tena.

Jumamosi watu wa yule kijana wanakuja kwetu Nyandarua kumposa binti yangu, Nyambura. Nilikuwa nisafiri kesho asubuhi. Sasa sijui.

Kazi yangu ni kupiga randa kwenye karakana ya majeneza. Huku maziko mengi huwa Jumamosi, na mwili hutolewa mochari Ijumaa ili ulale nyumbani mara ya mwisho. Kwa hiyo Jumatatu tulikuwa tunapiga soga, na Ijumaa tunakimbizana na misumari. Tangu nije Kisumu sijawahi kupata Ijumaa yangu.

Ndipo akaja meneja mpya, Odero, kutoka kiwanda cha mkate. Akasema tutengeneze idadi ileile kila siku, kipimo kimoja, tuweke akiba. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilimuunga mkono, wala si kwa sababu nililielewa jambo lenyewe. Nilitaka Ijumaa.

Majeneza yakapangwa ukutani mpaka mlangoni. Mama Akinyi, anayepika nyoyo, yale mahindi na maharage, ng'ambo ya barabara, wateja wakaanza kumkimbia. Akaniita.

"Bwana fundi, hayo yote mmempangia nani? Mimi bado nakula."

Nilicheka siku ile.

Leo mchana walikuja ndugu wawili kutoka Katito. Baba yao amefariki, na alikuwa mtu mrefu sana. Yule mkubwa alikuja na kamba yenye urefu wa mzee, akaipima kwenye kila jeneza. Hakuna lililofika. Hata mbao za stoo tulikuwa tumeshazikata zote kipimo kimoja.

"Mzee wetu hatakunjwa miguu," akasema polepole, kama anayemwelekeza mtoto.

Walipotoka nje, Odero alikaa juu ya benchi langu.

"Baba Nyambura, mkate haukuwahi kuniuliza urefu."

Tuliongea kwa muda. Kupiga randa kunaweza kufanywa mapema, na vishikio na vitambaa vya ndani vikae tayari. Lakini mbao ziachwe ndefu, msumeno ungoje kamba ya wenyewe. Tungefanya hivyo tangu mwanzo, jeneza la kesho lingekuwa kazi ndogo ya asubuhi. Tutaanza Jumatatu.

Jumatatu hainisaidii.

Mbao ndefu zinafika alfajiri, mbichi na zenye magome. Mwenzangu wa randa naye yuko matangani Bondo. Nimebaki mimi. Odero amesema nikikataa ataelewa, na hilo ndilo linaloniuma. Angenifokea ningeondoka.

Nimempigia mke wangu. Hakukasirika.

"Fika hata ukichelewa," amesema. "Ila wazee wasiangalie kiti kitupu."

Namfikiria yule mzee wa Katito, anayengojwa nyumbani kwake kesho. Mimi pia nangojwa kwangu. Wote wawili safari yetu iko kwenye mbao ambazo bado hazijafika.

Nimeamua. Nitaanza kabla jua halijatoka. Wakwe watanusa vanishi mikononi mwangu, watanisamehe. Ikishakauka tu nitachukua begi na kupita mlango wa nyuma, nisimwone mteja mwingine anayeingia kwa mbele akiwa na kamba.