Upepo wa Ghala la Mbao

Yreka, 2 Oktoba 1994

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi na Mama ni wazima. Wasiwasi wetu ni hicho kifua chako. Dawa unakunywa?

Maandishi ya somo lako la sayansi ya moto yamefika. Asante sana! Nimeyasoma mara mbili, maana mwakani nikimaliza shule nataka kukaa darasani kwako hapo chuoni, Jumamosi zile unazofundisha ukitoka zamu ya zimamoto. Kwa furaha nilimpelekea Mjomba Wendell, nikamsomea ukurasa wa moto wa ghala la mbao, ule uliomuunguza mikono mlipokuwa zamu pamoja. Nilipofika ulipoandika, "Upepo ulivunja dirisha, moto ukapata hewa," akanikatiza.

"Upepo gani, Darcy? Siku ile hata bendera ya posta ilikuwa imelala. Hebu muulize baba yako, Profesa wetu."

Alicheka, lakini kahawa yake hakuimaliza. Alikuwa na maana gani, Baba?

Binti yako,
Darcy

Yreka, 6 Novemba

Baba,

Hujambo? Sisi hatujambo. Wiki tano sijapata barua yako, na najilaumu. Laiti nisingemsomea Mjomba. Ukurasa wa tisa umeandika kwamba dirisha halivunjwi kutoka nje mpaka aliye ndani apate maji kwenye mpira wake wa kuzimia moto. Nimeuelewa vizuri ukurasa huo, naona vizuri kupita kiasi. Sitauliza tena. Nisamehe tu, uniandikie.

Mwanao,
Darcy

Redding, 14 Novemba

Mwanangu Darcy,

Salamu zako nimezipata. Dawa nakunywa. Wewe hukunikosea lolote.

Dirisha nililivunja mimi, kwa shoka. Mjomba wako alikuwa ndani na mpira mkavu, nami nje sikungoja aseme, "Maji tayari." Nilidhani nampunguzia moshi. Moto ukavuta hewa, ukamrukia. Kwenye ripoti niliandika upepo. Aliisoma hospitalini, mikono imefungwa bandeji, akanyamaza kwa ajili ya dada yake, mama yako. Nikashindwa kumtazama usoni. Ndiyo maana nilihama.

Kisha chuo kikaniita. Miaka sita sasa, swali la nne la mtihani wangu ni hilo hilo: nini kilivunja dirisha? Wanafunzi huandika "upepo," nami nawapa alama. Hao ndio watakaoingia motoni na wenzao.

Juzi Jumamosi niliwaambia ukweli. Msichana mmoja wa mbele akauliza, "Kapteni, huyo mwenzako umeshamwomba radhi?" Nilimwandikia Wendell barua siku hiyo hiyo, nikamwomba radhi, na nikamkaribisha aje awaeleze mwenyewe. Hajajibu, wala halazimiki. Mkuu wa idara hapa chuoni naye anajua. Huenda muhula ujao nisiwe mwalimu wako. Hilo ndilo linaloniuma kukuandikia.

Baba yako

Yreka, 27 Novemba

Baba mpendwa,

Sisi wazima. Mama alilia sana. Halafu Sikukuu ya Shukrani akaoka pai mbili za maboga, moja akaifunika na kusema isiguswe, ni yako.

Jana Mjomba alikuja na barua yako mfukoni, imekunjwa hadi imechakaa. "Kurasa tatu!" akasema. "Miaka yote hii nilikuwa nangoja mstari mmoja." Niliogopa, nikadhani hatakusamehe. Akairudisha barua mfukoni, akaniuliza kama leseni yangu ya udereva imetoka, kwa sababu vidole vyake havivumilii usukani safari ndefu.

Imetoka, Baba. Jumamosi ninamleta, na pai. Kwa hiyo hata wakikuondoa, mara moja nitakuwa nimekaa darasani kwako.

Anauliza gari tuegeshe wapi. Anasema usimwekee kiti mbele wala usimtambulishe kwa maneno mengi. Atakaa nyuma, nami pembeni yake nimshikie kalamu, maana anataka kufanya mtihani wako. Swali la nne, amesema, jibu lake analo.

Binti yako,
Darcy