Taa Imezima, Gari Zima?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako haraka kwa sababu zimebaki siku kumi na tisa waranti ya gari langu iishe, na anayeniponza ni mtu ninayejivunia kuliko wote, baba yangu mzazi. Mimi ni mkunga, na gari hili ni la kwanza katika ukoo wetu kununuliwa likiwa jipya, viti bado vina nailoni, na siku niliyolileta nyumbani baba alilizunguka mara tatu halafu akaingia ndani kunawa uso, maana yeye ni fundi mstaafu, amelala chini ya magari ya watu miaka thelathini na minane ili mimi nisome, na mtaani wanamwita Mzee Sikio kwa sababu alikuwa hafungui boneti kabla ya kusikiliza injini. Sasa ni miezi mitano ile taa ya injini, ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi, inawaka, na kila nikipanga kulipeleka gereji ya kampuni, baba ananitangulia na spana yake, anachomoa waya wa betri, anasubiri kidogo, anaurudisha, halafu ananiita kwa sauti ya ushindi, "Mama, njoo uone! Taa imezima, gari zima!" Namshukuru, nafika gereji, wanachomeka kompyuta yao, wananiambia, "Dada, hapa hatuoni kitu," na baada ya siku nne taa imerudi, na imekuwa hivyo mara sita. Mara ya mwisho fundi wao aliniuliza kama kuna mtu anagusa betri, maana kumbukumbu zote zinakuwa zimefutika, nikaona haya kumtaja baba, nikajibu hakuna. Baba mwenyewe anasema kompyuta ni za watu wasio na masikio, na kwamba gari langu asubuhi likipanda mlima linameza mate, sijui maana yake nini, lakini nikimkataza kuligusa nitamvunja moyo, na nikinyamaza waranti itaisha na ugonjwa utabaki wangu. Nifanye nini?

Binti wa Mzee Sikio

*

Binti wa Mzee Sikio, hongera kwa gari, na hongera zaidi kwa baba. Nimeisoma barua yako nikatabasamu, kisha nikakunja uso, na niliyemkunjia ni wewe.

Umedanganya gerejini. Uliulizwa swali rahisi na mtu anayetaka kukusaidia, ukamficha jibu alilolihitaji. Fahari gani hiyo inayobaki nyumbani gari linapokwenda gereji?

Na baba nina neno naye, nalisema kwa heshima. Mzee wangu, taa kuzima na gari kuwa zima ni vitu viwili, ingawa mdomoni vinafanana. Magari uliyoyalea hayakuwa na kumbukumbu. Hili linayo, na kila ukichomoa waya unalisahaulisha linapoumwa.

Lakini binti, kuna jambo umelipita mbio. Wewe mkunga! Mjamzito akikuambia mtoto leo amecheza tofauti, utamjibu "sijui maana yake nini" uendelee na shughuli zako? Baba amekuambia injini inasita asubuhi, tena mlimani. Amekupa dalili, saa na mahali, nawe ulikuwa unamsubiri azime taa tu.

Fanya hivi. Taa ikiwaka, mwambie baba aiache, na umweleze sababu. Ipige picha, andika tarehe na kilomita. Ikianza kupepesa, usiliendeshe gari, waite watu wa gereji walivute. La sivyo lipeleke wiki hii hii, lilale hapo gerejini ili asubuhi waliwashe likiwa la baridi na kulipandisha mlima. Sema ukweli kuhusu betri, na uombe radhi. Usitoke bila karatasi yenye tarehe inayotaja malalamiko yako, hata wakisema hawaoni kitu, ili ijulikane ugonjwa ulianza ndani ya waranti. Na kile kitabu cha waranti kisome, najua hujakifungua.

Spana ibaki nyumbani. Baba akae kiti cha mbele. Wakikuuliza mzee huyu ni nani, usiinamishe kichwa. Sema, "Ni baba yangu, fundi. Msikilizeni kwanza, halafu mchomeke kompyuta yenu."