Namba Tatu wa Straumnes: Kumkumbuka Torgeir Hustveit

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Februari ulipoketi kuvaa viatu ili ukaondoe theluji mlangoni, na hukuinuka tena. Koleo bado liko pale ulipoliegemeza.

Watu wa Straumnes wanakukumbuka kwa mengi. Ulikata samaki kiwandani tangu ujana hadi ulipostaafu, na kidole chako kidogo cha mkono wa kulia ulikiacha kwenye mashine huko. Kila ulipopika kababu za samaki, za jirani yetu mjane ulizifunika kwa sahani, ukaziweka kwenye ngazi yake na kuondoka kabla hajafungua mlango. Hukupenda kushukuriwa.

Lakini wengi wanakujua kama namba tatu, beki wa kushoto, uliyeitwa timu ya taifa ukarudi nyumbani baada ya mechi mbili kwa sababu msimu wa samaki ulikuwa umeanza. Na anayemtaja namba tatu wa Straumnes hawezi kumwacha namba saba wa Hellvåg, ng'ambo ya maji, Eivind Skarbø.

Siku ya fainali ya mkoa theluji ilifunika uwanja, ikabidi mistari ichorwe kwa majivu. Eivind alipiga shuti, ukateleza mpaka langoni kuuokoa mpira, na ulipoinuka mstari haukuwepo. Majivu yote yalikuwa kwenye kaptula yako. Mwamuzi aliutafuta mstari, akaukosa, akakataa goli. Eivind alisema umeufuta makusudi. Wewe ulisema uliteleza tu, nasi tulikuamini.

Tangu hapo, kila mlipokutana uwanjani, yeye alikukanyaga vidole, nawe ulimvuta jezi begani pale mwamuzi asipoona.

"Kafue kaptula, mwizi wewe," alikuwa akikuambia.

"Wewe kashone jezi kwanza."

Mlizeeka hivyo hivyo, kila mmoja akimwona mwenzake anavukia upande wa pili wa barabara. Hamkuwahi kupeana mikono wala kubadilishana jezi.

Mkesha wa Krismasi tulikuja kukuwashia mshumaa, kama kila familia ilivyofanya kwa watu wake. Makaburi yote yalikuwa yakiwaka juu ya theluji, na hapakuwa na upepo hata kidogo. Eivind alikuwepo, kwenye kiti cha magurudumu, mbele ya kaburi la mkewe, safu moja nyuma yako. Amekonda sana. Alimwita Mama.

"Gudveig, mwambie aniache."

Mama akamuuliza ni nani huyo.

"Unamjua. Nikisinzia tu, huyo hapa, begani. Miguu yenyewe ndiyo hii, nitamkimbia wapi? Na yeye hachoki."

Akafungua koti. Shati lake lilikuwa limevutika bega la kushoto mpaka limelegea. Binti yake alieleza kwa sauti ya chini kwamba ndivyo wauguzi wa nyumba ya wazee wanavyomkuta tangu ulipofariki: amelala chali, mikono kifuani, shati limevutwa. Mkono wake mwenyewe haufiki nyuma ya bega lake.

Sisi watoto tulitaka kucheka. Mama hakucheka. Alilisogeza lile bega karibu na mshumaa, akatuonyesha. Kitambaa kilikuwa na mikunjo ya vidole: gumba, na vingine vitatu.

Akarudi kwenye kaburi lako, akainama, akakuambia kwa sauti ile ile aliyokuwa akikuitia chakula: "Torgeir, filimbi imeshapulizwa. Mwache mtu alale."

Halafu hakungoja jibu. Kesho yake alitoa jezi yako kwenye kasha, akaipeleka mwenyewe kwenye nyumba ya wazee. Eivind aliigeuza mbele na nyuma, kisha akamtuma binti yake akalete namba saba. Wakabadilishana.

"Imefuliwa hii?" Eivind aliuliza.

"Imefuliwa."

"Na kaptula?"

"Nayo pia," Mama akasema, na hapo Eivind akacheka mpaka akakohoa.

Tangu siku hiyo anavaa namba tatu kitandani, na analala. Namba saba Mama aliitundika kwenye ndoano yako pale mlangoni, juu ya koleo. Asubuhi tuliikuta imelegea bega la kushoto. Aliipiga pasi, akaitundika tena. Anaipiga pasi kila siku. Tulimwambia aifungie kwenye kasha, akakataa. Anasema afadhali uvute ukiwa nyumbani.

Unakumbukwa na mkeo Gudveig, wanao Ragna na Sjur, na wajukuu wako wote. Pia, kwa ombi lake mwenyewe, na Eivind Skarbø, anayetaka iandikwe hapa kwamba mpira ule ulivuka mstari. Tumeandika, Baba. Utamjibu wewe.

Hatutakusahau kamwe. Nawe, tunaona, hujatusahau.