Mwiko wa Walikale katika Nyumba ya Madame

Masisi, siku ya Mungu, mwezi wa kumi na moja, 1956. Mvua tangu misa ya kwanza. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, vilima havionekani, na mimi nimejifungia chumbani kama muntu aliyeiba.

Sikuiba kitu. Lakini leo nilibanwa, na bado nimebanwa, na hakuna muntu ninayeweza kumwambia. Acha niandike tangu mwanzo, labda nitaelewa mwenyewe.

Madame, muke wa Bwana Agronomu, alichukua nyumba ya zamani ya posti ya serikali, ile ya matofali alimolala muzungu wa kwanza wa hapa, akaifanya muze, nyumba ya kuonyesha vitu vya zamani. Kitanda cha yule muzungu kiko pale, kofia yake na beseni lake la kunawia pia. Vyumba vingine amevijaza vitu vyetu: ngoma, nyavu za kuwindia, kengele za miti za mbwa, vikapu, mikeka. Mimi njo mulinzi, mimi njo karani, mimi njo mukalimani. Wazungu wa mashamba wanakuja na watoto wao baada ya chakula, nawaelezea kwa Kifaransa: hiki cha kupepetea, kile cha kutegea nguruwe. Wanashangaa kuona navaa viatu. Nacheka pamoja nao. Nifanye nini? Nyumba ninayolala ni ya Madame, na karatasi yangu ya kukaa posti inatoka mukononi mwake. Akinichoka leo, kesho niko barabarani navunja mawe.

Mwezi uliopita kikapu kilifika kutoka Walikale. Katekista mumoja alikuwa amekusanya vitu vya watu waliobatizwa, akavituma vyote bila kuuliza. Chini kabisa, chini ya kengele za mbwa, kulikuwa na kibao. Chembamba, urefu kama mukono mpaka kiwiko, tundu moja kwenye ncha.

Nilikitambua mara moja.

Mimi ni mutoto wa Itebero, kulekule Walikale, nilitahiriwa porini. Kwetu kibao kile kinafungwa kamba, kinazungushwa juu ya kichwa, kinanguruma mpaka mwili unasisimuka. Wanawake kule kijijini wanaambiwa ni muntu wa pori anayemeza watoto wao na kuwatapika wanaume. Wanalia, wanajitupa chini. Tuliapa tusimuonyeshe mwanamke, hata mama aliyetuzaa. Na mwanamke akijua, mwanaume wa kwanza kumusikia akikitaja lazima amupeleke kwa wazee. Zamani mwanamke huyo hakurudi nyumbani. Siku hizi kuna Padri, kuna serikali, lakini pori ni kubwa, na mambo ya kule Padri hayaoni.

Madame alikishika, akanigeukia. "Hii iko nini?"

"Iko mwiko, Madame. Ya bugali."

Mwiko! Njo neno la kwanza lililonijia kinywani. Akafurahi, akaniambia niandike kikaratasi. Nikaandika kwa wino mweusi, kwa herufi nzuri za shule ya Mapadri: MWIKO WA BUGALI, WALIKALE. Nikafikiri nimepona.

Leo sasa. Kwa mara ya kwanza Madame aliwaalika wanawake wa fuaye, wale wanaofundishwa kushona, na wengine wao ni wake wa vibarua wa Walikale. Siku hiyohiyo akapata mugeni, Bwana mumoja wa Bukavu mwenye miwani, anayeandika kitabu juu ya desturi zetu. Na katikati ya wanawake, nani? Mama yangu. Amekuja kutoka Itebero kumuona mutoto wetu aliyezaliwa. Nilimuomba abaki nyumbani sababu ya mvua. Lakini mama na kundi la watu! Wanawake wamepita mbele ya mulango wakiimba, naye akafunga kikwembe chake kipya, akawafuata.

Aliingia akicheka kitanda cha muzungu. "Kifupi hivi! Alikuwa analala amekunja magoti?" Wanawake wakacheka mpaka Madame akataka nimutafsirie. Nilianza kuona raha kidogo. Mama anaona kazi yangu, mama anajivuna.

Kisha yule Bwana akachukua kibao.

Akaangalia tundu. Akaniangalia mimi. Akaniuliza kwa Kifaransa, mwiko gani huu wenye tundu? Nikasema ni la kuning'inizia. Akauliza mbona hauna hata alama ya moto. Nikasema ni mupya. Alitabasamu kama muntu aliyemushika mwizi wa kuku wake, akatoa kamba mufukoni, akaanza kuipitisha kwenye tundu. "Twende barazani," akasema, "tuone mwiko huu unapika namna gani."

Madame akapiga makofi. Wanawake wakasogea waone muchezo wa muzungu. Mbele yangu Bwana na kamba yake, nyuma yangu wanawake, pembeni mvua kubwa. Nikisema usizungushe, nimekiri kuna siri. Nikinyamaza, kitanguruma masikioni mwa mama yangu, na mimi nimesimama hapo na mikono mitupu. Nilitamani ardhi inimeze, naapa.

Mama akapenya katikati ya watu. Akakitoa kibao mukononi mwa Bwana, mukononi mwa muzungu! Akachomoa kamba, akakipangusa na pembe ya kikwembe, akafyonya. Akasema kwa sauti, kwa lugha ya kwetu, na mimi, kwa sababu njo kazi yangu, nikatafsiri.

"Anasema huu ni mwiko wa bibi arusi, wa kusongea bugali ya ndizi katika chungu kidogo. Anasema haukuungua sababu bibi arusi mwenyewe alikuwa muvivu. Tundu ni la kuning'inizia, panya wasiulambe."

Wanawake waliangua kicheko. Madame naye. Bwana alikunja uso, lakini aliandika. Bibi arusi muvivu sasa ataingia katika kitabu.

Mama hajui Kifaransa, hata neno moja. Hakuelewa kwamba nimekiita mwiko, wala nilichojibu juu ya lile tundu. Nani alimwambia?

Tulirudi nyumbani tumejifunika majani ya ndizi. Nilitaka kumushukuru, lakini ningemushukuru kwa nini? Kumushukuru ni kusema. Alikuwa anaruka madimbwi mbele yangu. Karibu na mulango akasema bila kugeuka, kama anayesema bei ya mboga ya sombe sokoni: "Kile iko kyepesi sana. Ya baba yako ilikuwa inalia vizuri kuliko kile."

Akaingia ndani, akamupokea mutoto.

Mimi nilibaki mvuani.

Basi alijua. Mwaka nilipokuwa porini, alipojitupa chini mpaka wakamushika mikono, alijua. Yeye peke yake, ao wote? Na sheria inasema nini? Wa kwanza kumusikia. Wa kwanza ni mimi. Wiki hii atapanda kamyo kurudi Itebero, kwa baba zangu wadogo, na mudomo wake ule usiojua kukaa. Nitamwambia namna gani anyamaze bila kumwambia kwamba nimesikia?

Sasa hivi anamubembeleza mujukuu wake nyuma ya ukuta huu. Ni mutoto mwanaume. Siku moja watakuja kumuchukua porini, na muke wangu atajitupa chini, atalia sana. Mimi nitasimama pale, namuangalia usoni, na sitajua kama analia kweli.