Niliwaambia Ilikuwa Bendera

Karakana ya Ushonaji,
Mtaa wa Nyuma ya Posta.
Jumapili, tarehe 11.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri na kile kifua kimekuachia, maana mara ya mwisho kwenye simu ulikohoa kuliko ulivyokubali. Unavaa soksi? Usinijibu kwamba wewe si mtoto. Mimi ni mzima, ila macho yameanza kunigomea kwenye uzi mweusi. Mama naye hajambo. Anakula, anagomba kuhusu chumvi, na kwa anavyogomba utajua bado yupo sana.

Najua unairuka mistari hii kutafuta habari za mwanao. Basi, Chiriku ni mzima. Hajapigwa tangu ile siku ya kwanza, chakula ninachompelekea kinamfikia, na nywele amezinyoa mwenyewe kwa sababu ya chawa. Lakini amehukumiwa, Kaka. Mwaka mmoja na nusu. Na kabla watu hawajakuletea habari kwa namna yao, nataka uisikie kwangu: neno lililomfunga lilitoka kinywani mwangu.

Ulinipigia ukaniambia, "Wewe sema ni kitambaa, yaishe. Kwani unapungukiwa nini?" Sikusema. Ndiyo maana sipokei simu zako, na ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mbali. Ndivyo ulivyo tangu utoto wetu, na mimi nimekuwa nikikuachia kwa sababu ni mkubwa wangu. Leo hutaweza kunikatiza.

Uliondoka nikiwa bado nashona mapazia, kwa hiyo hujui tunavyofanya kazi kwenye meza ya bendera. Kitambaa kikitoka kwa mkataji tunaunganisha rangi, tunapinda kingo, tunapiga pasi. Muda wote huo ni kitambaa tu. Tunakikalia, tunaweka vikombe vya chai juu yake, na yule mpiga pasi wetu hujifutia jasho nacho tukamcheka. Lakini kikishatiwa kamba kwenye upindo wa upande wa mlingoti, mambo hubadilika. Aliyetia kamba husimama, mwenzake naye husimama, wanaikunja wawili, na kuanzia hapo haigusi sakafu. Wakati huo hakuna anayecheka. Hata mkataba wetu na serikali umesema hivyo hivyo, kwamba bendera ni ile iliyokwisha kutiwa kamba.

Mwanao amekulia chini ya cherehani yangu tangu mama yake alipofariki. Alikuwa akilala juu ya vipande. Habari ya kamba aliijua kabla hajajua kufunga viatu, na siku moja alinikaripia mbele ya mafundi wenzangu, yeye na mapengo yake, eti nimekunja bendera nikiwa nimekaa. Tulimwita Chiriku bure? Mdomo ule ulianza zamani.

Yaliyotokea mbele ya ofisi ya mkoa uliyaona kwenye simu kama kila mtu. Usichokiona ni miezi iliyotangulia. Katika wodi ya wazazi anakofanya kazi umeme ulikuwa ukikatika, na mafuta ya jenereta hayafiki, yanaishia mikononi mwa watu. Akina mama walikufa kwenye giza, Kaka, mkunga ameshika tochi ya simu kwa meno. Chiriku na wakunga wenzake waliandika barua, wakaenda kuonana na wakubwa, wakasimama na mabango juani. Waliambiwa suala lao linafanyiwa kazi. Wiki ile alifariki mwanamke mmoja muuza nyanya ambaye Chiriku alikuwa amemzalisha watoto wawili wa kwanza. Alirudi nyumbani akakaa jikoni na sare yake, hakusema kitu. Chiriku asiyesema, nilipaswa kuogopa.

Siku ya pili yake alikwenda na bango kama kawaida, na alipofika mbele ya mlango mkubwa akatoa bendera kwenye mkoba, akaimwagia mafuta ya taa, akawasha kiberiti. Alipiga kelele majina ya wale marehemu. Hakumaliza hata nusu, watu walimvamia.

Sitakuficha, mimi nilitamani kumzaba kofi. Nimeshona bendera zile mpaka vidole vimepinda. Moja yao ilifunika jeneza la baba yetu, na mimi na wewe tulishika pembe mbili za mwisho walipoikunja kumkabidhi mama. Nilipoona ile inajikunja kwenye moto nililia kama mtu aliyefiwa. Na kinachoniuma zaidi ni hiki: alitaka watu wawatazame wale akina mama, watu wakautazama moto. Magazeti yote yaliandika juu ya kitambaa kilichoungua. Hakuna lililoandika jina la muuza nyanya.

Mama nilimwambia mwenyewe, nikihofia shinikizo lake la damu. Akauliza, "Kachoma ya nani? Ya baba yenu ipo sandukuni?" Nikamwambia ipo. Akasema, "Haya." Baadaye nikamsikia analia huku akisugua sufuria ambalo lilikuwa safi.

Mtaani mambo yalikuwa mazito. Yule jirani yetu mstaafu wa jeshi, Mzee Saluti, anayepandisha bendera kila asubuhi pale shule ya msingi bila kulipwa, aliacha kuitikia salamu yangu. Wengine walinipitishia mafumbo bombani, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilijaza ndoo yangu nikaondoka. Mzee Saluti alizika wenzake wengi chini ya bendera ile, na sikuona kwamba huzuni yake ni ya uongo.

Sasa njoo kwenye kitambaa. Msimamizi wetu alipohesabu mali aliona upungufu wa kimoja, katika vile ninavyoruhusiwa kubeba nyumbani kumalizia kingo. Vilivyo na kamba havitoki karakana. Kipande walichokiokota polisi kilikuwa cha upande wa pili, upande wa mlingoti uliungua wote. Wakili wa Chiriku alipolisikia hilo alinirukia kwa furaha, kijana wa watu. Sheria inaadhibu kuchoma bendera, akasema, na mama, wewe ndiye fundi, mkataba wenu uko wazi, kilichotoka kwako hakikuwa na kamba. Njoo uapishwe useme ni kitambaa, na binti analala nyumbani. Nilimwombea dua yule wakili. Wewe nawe nilikupigia nikiwa nacheka na kulia, unakumbuka.

Nikaenda mahabusu kumpa Chiriku habari njema. Alinisikiliza, akatazama vidole vyake, akasema, "Shangazi, kamba niliitia mwenyewe."

Siku niliyompeleka mama kupima macho, Chiriku aliketi kwenye meza yetu ya jikoni na sindano ya mkono, akatia kamba niliyokuwa nimebakiza kwenye kikapu. Alipomaliza alisimama. Hakuwa na mtu wa kukunja naye, akaikunja peke yake juu ya meza, isiguse sakafu. Nikamuuliza, mwanangu, kama ulikuwa unakwenda kuichoma, kamba ya nini? Akasema angechoma kitambaa angekuwa hajasema kitu. Alichoma kitu anachokiheshimu ili watu wajue amefika wapi.

Nilikimbilia kwa wakili. Aliziba masikio yake kwa mikono miwili, kweli kabisa kama mtoto, akasema hilo hajalisikia na wala mimi sijalisema.

Nilirudi kumbembeleza mwanao. Nilimwambia habari za bibi yake, za kifua chako, za kazi atakayopoteza. Hakunibishia. Alisema, "Ukiwaambia ni kitambaa sitakuumbua mbele za watu, wewe ndiye umenilea. Nitatoka, nitarudi nyumbani, nitakupikia. Lakini nitakuwa sijasema kitu, na wewe ndiye utakuwa umeninyamazisha. Wale sikujali wanisikie vipi. Wewe nilitaka unisikie."

Sikulala sawasawa mpaka siku ya kesi. Sikubaliani naye, Kaka, nakuandikia na bado sikubaliani naye. Kitu kitakatifu cha watu hakichezewi, na maumivu ya Mzee Saluti nayajua kwa sababu ni yangu. Lakini nilijiuliza, mimi niliyeumia kuliko wote waliokuwa pale, nataka afungwe? Sikutaka. Nilitaka kugombana naye. Nilitaka anijibu, nimjibu, tununiane, tule. Kuumia kwangu hakuhitaji jela. Na kama ningesema ni kitambaa, ugomvi wetu wote ungekuwa juu ya kitu ambacho hakikutokea.

Mahakamani hakimu aliniuliza kilichochomwa ni nini. Wakili alinitazama kama mtu anayemsubiri mtoto aanze kutembea. Nilikuwa nimeamua na sijaamua. Nikamtazama Chiriku, hakunikonyeza wala kunitikisia kichwa, alikaa tu na upara wake. Nikasema ilikuwa bendera. Nikasema kitambaa nilikishona mimi, kamba alitia yeye, na aliitia vizuri. Nikasema pia kwamba kama kuna mtu bendera ile imemchoma moyo ni mimi, na simdai kifungo, na kwamba wanawake aliotaja majina walikufa kweli na hakuna aliyeitwa hapa kuulizwa juu yao. Hakimu alinyanyua mkono kunisimamisha. Nilimwona anaandika. Aliandika lile la kwanza tu.

Nje walinizunguka watu. Walinishika mikono wakanisifu, mzazi wa kweli, hakumficha mwizi kwa kuwa ni wake. Mzee Saluti alinipigia saluti mbele ya umati. Kaka, sijawahi kuona aibu ya namna ile. Walinishukuru watu ambao sikusema kwa ajili yao, na niliyesema kwa ajili yake alikuwa anapandishwa kwenye gari. Wakili alipita bila kuniaga, na simlaumu.

Kazini wameniondoa kwenye meza ya bendera. Msimamizi amesema ni kwa muda, mpaka upepo utulie. Nimerudi kwenye mapazia. Wenzangu wamegawanyika, mpiga pasi ananinunia kwa sababu nimemfungisha mtoto, na mkataji ananinunia kwa sababu nilimtetea. Nakula chakula changu cha mchana peke yangu ghalani, kati ya majora. Usinionee huruma sana, hata hivyo. Pale ghalani kuna kiti kizuri kuliko vyao.

Na jenereta? Wameleta mafuta. Hayakutangazwa wala hakuna aliyekiri kitu, ila mkunga mmoja aliniambia taa haijazimika wodini tangu mwezi uliopita. Sijui kama ni kwa sababu ya moto ule au ni bahati. Chiriku anasema ni moto. Mimi namwambia angeweza kupata mafuta bila moto. Hakuna kati yetu anayejua.

Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa barua, nitaisoma yote. Ila mwanao ana ombi moja na ameniomba nilifikishe. Amesikia huko uliko unawaambia watu binti yako alichoma tambara tu na watu wamemwonea. Anajua unasema hivyo kwa mapenzi. Anaomba uache. Ukiulizwa, sema alichoma bendera, kisha useme na wewe unavyoona, hata kama unaona alikosea.

Msalimie wifi yangu, na wale mapacha wako waambie shangazi yao anawashonea nguo, wanitumie vipimo vipya maana najua wamerefuka. Mama anakusalimu, anasema uache kumtumia dawa za usingizi, anataka kanga. Mjomba wa kiwanda cha mbao anakusalimu pia, mguu wake umepona. Mungu akuweke, akufungulie kifua hicho, na atukutanishe sote watatu, wewe, mimi na Chiriku, kwenye meza moja tukiwa bado na nguvu za kugombana.

Mimi naenda kumwona Chiriku kila Jumamosi. Kila mara namwambia kupitia ule wavu kwamba alikosea, namwambia kwa kirefu, hadi askari magereza anageuka kututazama. Ananisikiliza mpaka mwisho, Kaka, hanikatizi hata mara moja. Kisha anaanza yeye.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinuna.