Kiti cha Katikati ya Safu

Mwaka umetimia, mke wangu, tangu mguu wako ushuke kwenye pedali ya cherehani usirudi tena. Moyo ulisimama asubuhi, uzi ukiwa bado kwenye sindano. Sijautoa.

Mtaa mzima ulikuita Fundi Pindo. Uliwashonea maharusi magauni ukiwa umebana pini midomoni, ukiwatania: "Punguza pumzi, mwanangu, au punguza chakula." Asiye na chochote ulimshonea vilevile.

Lakini harusini hukwenda. Miaka ishirini na moja nilikwenda peke yangu, nikiulizwa uko wapi najibu ulivyonifundisha: "Kichwa kinamuuma." Watoto wa kaka yako wakakubandika jina, Shangazi Kichwa. Ulicheka nao, kisha ukaingia chumbani.

Ulituagiza tusifiche, kwa hiyo tunasema. Tangu uchanike ukimzaa kitindamimba wetu, haja kubwa ilikuwa haikusubiri. Ulijua kila choo kutoka nyumbani hadi sokoni. Ulibeba mfuko wa maua wenye nguo za kubadilisha, na popote ulipokaa, ulikaa karibu na mlango. Mimi nilijua, nikanyamaza nikidhani ndiyo heshima. Nisamehe. Nilikuachia mzigo ule peke yako.

Kisha daktari akakueleza habari za kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, juu ya kalio, chenye waya mwembamba wa kuamsha mishipa ya fahamu ya kiunoni kwa umeme. Ukamuuliza, "Nisije nikakatiwa umeme nikiwa barabarani?" Akacheka hadi akavua miwani.

Kwanza zilikuwa wiki mbili za majaribio, waya ukiwa nje, umefunikwa kwa plasta, nawe ukiandika kila siku kwenye daftari mambo yalivyokwenda. Siku ya tano uliandika neno moja tu: "Nimewahi." Ukanionyesha kama mtoto aliyefaulu mtihani. Baadaye wakakuwekea kifaa chenyewe.

Hakikumaliza yote. Siku mbaya zilibaki, ila chache. Na kitindamimba alipoolewa ulikaa safu ya mbele, katikati kabisa, watu kulia na kushoto, mfuko wa maua umeuacha nyumbani. Ulinifinya mkono. "Kumbe huku ndiko harusi inakoonekana!"

Tulipata miaka miwili tu ya kutoka pamoja. Naihesabu kila siku na haiongezeki. Nyumba imekuwa kubwa mno, na nikitoka ni afadhali kidogo tu.

Jumamosi iliyopita nilialikwa harusi. Nilikaa katikati ya safu, nikaweka kofia yangu kwenye kiti cha kando. Mgeni mmoja nisiyemjua akainama, akaniuliza kwa adabu, "Mzee, hapa pana mtu? Au mama hakuja?"

Kabla sijafikiri nikamjibu, "Kichwa kinamuuma."

Akanipa pole, akaenda kutafuta kiti kingine. Kofia sikuiondoa mpaka harusi ikaisha.

Unakumbukwa na mimi mumeo, fundi viatu. Na binti zako wawili. Na wakwe zako. Na kaka yako pamoja na watoto wake, ambao jina lile wameliacha. Hatutakusahau, Fundi Pindo, siku zote za maisha yetu.